Nilivyonunua fahirisi ya majengo ya Marekani nikiwa Dar es Salaam

Fahirisi ya majengo haipimi bei ya nyumba. Inapima bei ya hisa za kampuni zinazokusanya kodi za pango, yaani REIT, na hisa hizo zinaweza kuporomoka mwaka ambao nyumba zimepanda. Ndivyo ilivyokuwa 2022: Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi asilimia 4.25–4.50, na VNQ, mfuko wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard niliouchagua, ukapoteza zaidi ya robo ya thamani yake. Sheria ya huko inazitaka REIT zigawe angalau asilimia 90 ya faida inayotozwa kodi. Hazibaki na akiba kubwa, hivyo zikitaka kujenga hukopa au huuza hisa mpya. Riba ikipanda, mkopo unakuwa ghali na wapenda gawio wanahamia hati fungani.

Kabla ya kununua nilisoma kanuni za fahirisi, si jina la mfuko tu. VNQ inafuata MSCI US Investable Market Real Estate 25/50: hakuna kampuni inayozidi asilimia 25 ya uzito, na zile zinazozidi asilimia 5 kila moja hazivuki 50 kwa jumla. REIT za kukopesha rehani hazimo. Zimo Prologis yenye maghala, Equinix yenye vituo vya data, Welltower yenye makazi ya wazee, na American Tower, ambayo baadhi ya minara yake iko Kenya na Uganda. Anayedhani ananunua magorofa ya kupangisha tu atashangaa.

Kinachowapoteza wengi ni uwiano wa bei kwa faida. Uhasibu hukata uchakavu wa jengo kila mwaka hata kama jengo linazidi kuwa na thamani. Mimi huchukua faida, naongeza uchakavu, naondoa faida ya kuuza majengo, kwa mfano: 40 + 60 − 10 = 90. Bei naigawanya kwa hiyo 90, siyo kwa 40. Na kwenye grafu, hakikisha unatazama fahirisi iliyojumuisha gawio. Ya bei peke yake inaficha sehemu kubwa ya pato.

Kufungua akaunti kwa dalali anayepokea Watanzania ni rahisi. Fomu ya W-8BEN, inayothibitisha kwamba wewe si mlipa kodi wa Marekani, ndiyo ya kutiliwa maanani, na muda wake huisha mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya ule ulioisaini. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo gawio hukatwa asilimia 30: katika dola 100 unapata 70. Ukifariki ukiwa na mali ya Marekani inayozidi dola 60,000, kodi ya mirathi ya huko inaweza kufika asilimia 40 ya ziada hiyo. Ukiwekeza kiasi kikubwa, afadhali mfuko uliosajiliwa Ireland, ambao hauhesabiwi kuwa mali ya Marekani.

Ada ya benki ya kutuma fedha mara nyingi haitegemei kiasi, kwa hiyo dola 40 kwenye 200 ni asilimia 20 imekwenda. Nakusanya miezi kadhaa, natuma mara moja. Soko la New York hufunguliwa saa 10:30 jioni yetu, au 11:30 wakati wa baridi yao. Nasubiri nusu saa ya kwanza ipite, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza lipungue, kisha naweka oda yenye ukomo wa bei.