Intaneti bondeni: nilivyoipata nyumbani kwetu Pemba kwa gharama ninayoimudu

Tatizo la kwetu halikuwa bei ya bando. Naanza na hili kwa sababu kila niliyemuuliza alinijibu kwa bei: mtandao gani una bando rahisi, la usiku kiasi gani, la wiki lina GB ngapi. Kwetu ni shamba, nje ya Konde ukielekea Msitu wa Ngezi. Nyumba imekaa bondeni, imezungukwa na mikarafuu, na minazi imeipita mikarafuu. Nilikuwa nanunua GB 1 ya siku asubuhi, na kesho yake asubuhi muda unakwisha mna karibu MB 700 ndani. Si kwamba sikuwa na kazi nazo. Hazitumiki! Ukurasa unazunguka, barua pepe inakwama kwenye kiambatisho, saa zinakwenda. Ukipiga hesabu, kila MB iliyofanya kazi kweli ilinigharimu mara tatu ya bei niliyolipa.

Kazi yangu ni kuweka hesabu na kujibu wageni wa nyumba moja ya kulala wageni kule Nungwi, Unguja. Miguu ya mama ilipoanza kumsumbua nikarudi Pemba, na mwajiri akakubali nifanye kazi nikiwa nyumbani, kwa sharti moja tu: mgeni akiuliza asubuhi, asijibiwe jioni.

Vijana wa kwetu wanapanda kilimani, kwenye mwembe mkubwa. Jioni utawakuta wamejipanga, kila mmoja na mwanga wa simu usoni. Mtandao pale unashika vizuri. Lakini mwanamke mtu mzima kukaa pale baada ya Isha, kompyuta mapajani, ni jambo jingine. Hakuna aliyenikataza, ila mimi nilijua na wao walijua.

Nikatazama njia nyingine kwanza. Faiba huku shamba haijafika. Starlink, intaneti ya setilaiti, ilikuwa imeshaanza Kenya, tangu Julai 2023, na watu wakawa wananiambia niagize dishi kupitia Mombasa. Kwa Tanzania ilikuwa bado haijapewa leseni, na mimi sikutaka kifaa cha bei ile kikae juu ya paa langu bila kibali, nikilala najiuliza lini kitazimwa. Ikabaki minara ya simu iliyopo. Swali likawa: mawimbi yanapita wapi, na mimi niyafuate wapi?

Vile vijiti vya mtandao juu ya kioo cha simu usivitegemee. Kila simu inavichora inavyopenda. Niliweka programu ya bure inayoitwa NetMonster, ambayo inaonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba. Namba ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa 4G, ukipata -80 umeneemeka. Ukishuka chini ya -110 unabahatisha. Na tofauti ya 10 si ndogo, maana yake nguvu imezidi mara kumi.

Nikaazima laini kwa jamaa, Zantel, Halotel, Airtel na Vodacom, nikawa nazunguka nazo uani. Sitaitaja iliyoshinda, kwa sababu kwako huenda isishinde hiyo. Inategemea mnara wa nani uko upande gani wa kilima chako. Ile iliyoshinda yenyewe ilisoma -114 barazani na -109 uani. Ndani ya nyumba ilikuwa inapotea kabisa, na hapo kosa ni la bati. Bati linayarudisha mawimbi yalikotoka.

Ilikuwa msimu wa karafuu, na mtoto wa kaka yangu anachuma kama mtu aliyezaliwa juu ya mti. Nikamfungia simu kwenye mfuko wa shati kwa pini, akapanda mkarafuu ulio nyuma ya jiko, pakacha begani na ngowe mkononi.

"Shangazi, tisini na nane!"

"Umeelekea wapi?"

"Konde!"

"Hebu geuka, uipe Konde mgongo."

Kimya kidogo. Matawi yakatikisika. "Mia na sita sasa."

Mama akatoa kichwa jikoni. "Mteremshe mtoto huyo. Karafuu zinachumwa, hazihesabiwi."

Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Mwili wa mtu unazuia mawimbi, kwa hiyo akigeuka na namba ikaanguka ujue mnara uko upande alioupa mgongo. Tena nikajua kwamba juu ya vichwa vya mikarafuu mawimbi yapo mazuri tu, ila hayateremki bondeni. Dawa yake ni mlingoti, na hakuna bando linaloweza kufanya kazi ya mlingoti.

Ruta ya 4G, kifaa cha kushika mtandao wa simu na kuugawa nyumbani, nilimwagiza mdogo wangu Darajani, Unguja. Masharti niliyompa ni mawili: iwe inakubali laini ya mtandao wowote, na iwe na matundu ya antena ya nje nyuma yake. Ruta nyingi ndogo nzuri za mfukoni hazina matundu hayo, na kwa bonde letu ni mapambo. Akapata iliyotumika kwa shilingi 70,000. Antena zikawa mbili, kwa sababu 4G inatumia njia mbili kwa pamoja. Unazifunga moja imelalia kulia na nyingine kushoto, zipishane kama mkasi, zote zikiangalia mnara. Vikaja na meli hadi Mkoani, kutoka hapo vikapanda gari pamoja na magunia ya mchele.

Mlingoti ni mabomba mawili ya chuma ya futi 20, moja limeingizwa ndani ya jingine na kufungwa bolti, kisha waya za kuvutia pande tatu. Fundi bomba wa Konde alifanya kazi nzuri, ila alitaka kunishawishi kwa nguvu nishushe waya wa antena moja kwa moja hadi ruta iliyo sebuleni. "Ndivyo tunavyofanya kwa televisheni, dada." Kwa televisheni sawa. Waya ule mwembamba wa RG58 unaouzwa kila duka unameza karibu nusu desibeli (ndicho kipimo cha zile namba za mawimbi) kila mita kwenye masafa ya MHz 800, moja ya njia za redio ambazo 4G hupitia, na kwenye 1800 unameza zaidi. Mita 15 za waya zingekula karibu faida yote ya kupanda juu. Waya mnene usiokula mawimbi upo, lakini bei yake ilinishinda.

Kwa hiyo badala ya kuyateremsha mawimbi, nikaipandisha ruta. Imo ndani ya kikasha cha plastiki karibu na ncha ya mlingoti, waya za antena hazizidi mita 1, na kinachoshuka ni waya wa kawaida wa mtandao, ule wa kompyuta, ambao unaweza kwenda hadi mita 100 bila data kupotea njiani. Waya huohuo unapandisha umeme wa ruta kwa vichwa viwili vidogo vya kugawa, vinavyouzwa bei ya soda chache. Sebuleni nimeweka ruta kuukuu ya Wi-Fi iliyokuwa imeachwa stoo kule Nungwi. Jumla ya vyote, na fundi ndani yake, haikufika laki tatu.

Siku tuliyosimamisha, namba ikakaa -87. Nikafungua ukurasa wa ruta, nikaona imejishikiza kwenye MHz 800. Masafa hayo ya chini yanakwenda mbali na kupenya majani, ndiyo maana simu zote za bondeni zinayakimbilia, na saa mbili usiku yanajaa. Ukiwa juu ya miti huyahitaji. Nikaiamuru ishike 1800. Namba ikashuka kidogo ikawa -93, lakini kasi ya usiku ikaongezeka sana. Hili dukani huambiwi. Namba kubwa ya mawimbi kwenye masafa yaliyojaa watu ni kama kuwahi gari ambayo haina kiti.

Umeme wa gridi tunao. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, kabla ya hapo tulikuwa tunaishi kwa majenereta ya dizeli. Ila unakatika, hasa kwenye mvua, na unaporudi unarudi na mshindo. Ruta inakula wati 6 hivi tu, kwa hiyo nimeitenga kabisa na umeme wa ukutani: paneli ya wati 50, betri ya volti 12, na kifaa kidogo cha kusawazisha volti, maana betri ikichajiwa na jua hupanda hadi volti 14 na zaidi. Inverta sikununua. Kugeuza umeme wa 12 uwe 230 halafu adapta iugeuze tena uwe 12 ni kutupa jua. Masika mawingu yakizidi, naizima usiku wa manane na kuiwasha alfajiri. Radi ikianza kunguruma nachomoa waya wa sebuleni, ingawa mlingoti una waya wa ardhini.

Sasa ndiyo tuje kwenye bando, maana sasa bei ina maana. Nilihama kwenye ya siku nikaenda kwenye ya siku 30, na huwa naiunga tena kabla haijaisha muda. Tangu kanuni za 2021 za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ukinunua tena bando lilelile kabla ya muda kwisha, kilichobaki kinaendelea, na unaweza pia kumhamishia mtu wa mtandao huohuo. Watu wengi huku hawalijui hili, wanaangalia MB zao zikifa.

Adui mkubwa alikuwa ndani ya nyumba. Simu ikiunganishwa na Wi-Fi inadhani imefika penye intaneti isiyokwisha. Inaanza kujisasisha, kupandisha picha zote, kushusha kila video ya kila kundi la harusi. Wiki ya kwanza GB zilikuwa zinayeyuka usiku watu wamelala. Kila simu inayoingia kwetu naichukua mkononi, nafungua mipangilio ya Wi-Fi hiyo na kuiwekea alama kwamba ni mtandao wa kulipia kwa kipimo. Kompyuta ya Windows nayo inayo sehemu hiyo. Kisha nazima WhatsApp isishushe video yenyewe, na YouTube naiweka 360 au chini yake. Kwa ubora wa juu, saa moja ya video inaweza kupita GB 1, na mawaidha yanasikika vilevile hata sura ya sheikh ikiwa na ukungu kidogo.

Ami yangu wa nyumba ya pili alikuja akauangalia mlingoti muda mrefu, mikono nyuma. "Hilo linashika mpira?" Nikamwambia ami, linashika, lakini mpira mmoja unakula chakula cha siku mbili. Akatoka akarudi na shilingi elfu tano. Ndivyo mchango ulivyoanza. Nyumba tatu za ukoo mmoja, tunachangia bando la mwezi, kila nyumba na neno lake la siri, na ruta ya sebuleni inanionyesha nani yumo. Kijana mmoja alinishauri niuze kwa saa kwa watu wa kilimani. Nilikataa. Kuuza intaneti kunahitaji leseni ya TCRA, na mimi nimesajili laini ile kwa kidole changu na namba yangu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Wakifanya lolote, jina ni langu. Watoto wa skuli wanaofanya mitihani nawaacha waje barazani bure, mradi wasiguse TikTok.

Kuna siku moja ilinitoa jasho. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, katikati ya masika, kila kitu kikasimama. Nikadhani maji yameingia kwenye kikasha. Mtoto wa kaka akapanda na kitambaa, akafungua, pakavu. Ruta inasoma -93 kama kawaida, taa zote zinawaka, na hakuna kinachofunguka. Jioni ndiyo tukasikia redioni kwamba nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika huko kusini, na nchi nzima imeathirika na majirani pia. Tangu hapo kabla sijamtuma mtu mlingotini nafungua kwanza ukurasa wa ruta. Mawimbi yakiwa mazuri na intaneti haipo, shida haiko kwangu, napiga simu Nungwi ya kawaida na kuwasomea majibu ya wageni kwa mdomo.

Mwajiri sasa halalamiki. Mama anamwona kaka aliyeko Maskati kwa simu ya video kila Ijumaa, na wamerudia kugombana kuhusu shamba la minazi kana kwamba wamekaa ukumbi mmoja. Kinachobaki ni matengenezo madogo. Upepo wa kusi unausokota mlingoti, antena zinaacha kuiangalia Konde, hivyo nimepiga alama ya rangi kwenye bomba ili aliye chini aone kama pamesogea. Chumvi inakula bolti, nazipaka grisi. Na sisimizi wanapenda joto la ruta, walijaza kikasha mayai hadi tundu la waya likawa halionekani. Nimeziba matundu ya pembeni, nikaacha ya chini tu ya kutolea joto na maji, na shina la mlingoti nimelizungushia kitambaa chenye oili chafu ya pikipiki. Kinahitaji kubadilishwa kila mvua kubwa ikipita.