Asubuhi nzima kwenye majani ya Mabira

Jana nilikuwa Mabira, ule msitu wa njiani ukitoka Kampala kwenda Jinja, nimelala kifudifudi kwenye majani yaliyooza na mvua ndo imetoka kunyesha. Watu wengi wakija huku wanatazama juu, ndege na nyani, mi nawapenda wa chini. Nikageuza kipande cha gogo taratibu, hawa hapa, kolembola, vijidudu vya milimita 1 au 2 hivi, mmoja wa zambarau na macho kama vidoa vyeusi, chini ya tumbo ana kamkia ka panda kamekunjwa, ukimshtua tu kanafyatuka na yeye keshapaa huko! Nawapiga picha kwa lenzi ya makro, ile ya vitu vidogo kwa karibu, na ukimsogelea hivyo sehemu ya picha inayoonekana wazi bila ukungu ni nyembamba sana, hata ukipumua fokasi imepotea, basi nafunga tundu la lenzi liwe dogo, mpaka f/11, ili sehemu hiyo iongezeke, na flashi naiwekea karatasi nyeupe mwanga uwe laini. Wanakula kuvu na vitu vinavyooza, yaani wanasaidia kutengeneza udongo wa msitu mzima na tunawakanyaga tu. Gogo nimelirudisha kama nilivyolikuta, nanyi tafadhali mfanye hivyo maana wakikosa unyevu wanakufa. Kesho narudi kumtafuta yule wa zambarau.