Nilivyotengeneza somo la mzunguko wa damu kwa stuli ya plastiki na kalamu mbili

Swali la jaribio lilikuwa moja tu: damu ikitoka kwenye mapafu inapita wapi mpaka ifike mguuni? Wanafunzi kumi na moja wa kidato cha pili wakanijibu kwa habari za Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark aliyeanguka uwanjani tarehe 12 Juni 2021 kwenye mechi na Finland. Mmoja aliandika vizuri kabisa kwamba baadaye aliwekewa kifaa kifuani cha kulinda mapigo ya moyo. Ni kweli, aliwekewa. Lakini njia ya damu hakuiandika, na mwenye kosa nilikuwa mimi, kwa sababu Eriksen nilimweka mwenyewe ndani ya video ya somo.

Nafundisha Baiolojia shule ya kata wilayani Kondoa. Darasa lile lilikuwa na wanafunzi tisini na kitu, na vitabu vya kuhesabika. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wanafunzi wangu walirudi mwishoni mwa Juni wakiwa wamesahau hata tulichokisoma Februari, na hapo ndipo nilipoamua kutengeneza masomo ambayo mtoto anaweza kukaa nayo nyumbani. Mwaka uliofuata nikahudhuria semina. Mwezeshaji alitwambia watoto wa siku hizi hawatulii bila burudani: weka muziki, weka maandishi yanayoruka, weka habari inayozungumzwa mjini, na yote uliyoyaandika kwenye slaidi yasome kwa sauti ili yawaingie vizuri. Niliyaandika yote kwenye daftari. Mpaka leo ushauri ule unaniudhi, maana ulinila karibu wiki tatu za usiku.

Video ile ilikuwa na dakika 27. Ilianza na mdundo wa ngoma, na mdundo ukaendelea chini ya sauti yangu hadi mwisho. Notisi zilipita kwenye kioo sentensi kwa sentensi huku nikizisoma neno kwa neno. Mchoro wa moyo niliutoa mtandaoni: namba 1 hadi 12 ndani ya mchoro, majina yote kwenye orodha chini kabisa. Katikati nikaweka dakika tatu za Eriksen. Tuliionyesha kwa projekta ya kuazima na wanafunzi wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani na furaha kubwa. Wiki moja baadaye nikasahihisha lile jaribio, na walioipanga njia ya damu sawasawa hawakufika ishirini.

Rafiki yangu aliyekuwa akisoma shahada ya uzamili ya elimu alinitumia makala za Richard Mayer, mtaalamu wa saikolojia ya elimu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Moja aliiandika na Shannon Harp mwaka 1998, kuhusu somo la jinsi radi inavyotokea. Somo lilipochomekewa visa vya kusisimua vya watu waliopigwa na radi, wasomaji walikumbuka kidogo zaidi kuhusu radi yenyewe. Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Huyo ndiye Eriksen wangu.

Nililolielewa ni hili. Mtu anapojifunza jambo jipya, sehemu ya akili inayolifanyia kazi ni nyembamba, na ina milango miwili, wa macho na wa masikio. Maneno ya notisi kwenye kioo yanaingia kwa mlango ule ule wa macho unaohitajiwa na mchoro. Kwa hiyo mtoto alikuwa anasoma maandishi yangu wakati moyo uko pembeni unamsubiri, na sauti yangu inamrudishia alichokwisha kukisoma. Ile orodha ya namba ndiyo ilikuwa mbaya kuliko vyote: jicho linashuka kutafuta namba 7 ni nini, likirudi juu limesahau namba 7 ilikuwa wapi.

Nikaifuta video yote.

Sasa niwaeleze kuhusu stuli, maana najivunia nayo. Nilitaka mkono wangu uonekane ukichora, taratibu, sauti ikieleza kila mstari unapotokea. Vishikio vya simu nilivyoviona mjini vilikuwa vya bei mbaya, na fundi mmoja alinichongea cha mbao kikawa kinatikisika kila nikigusa meza. Siku moja nikakaa nikaitazama stuli ya plastiki ya jikoni, ile yenye tundu katikati ya kikalio. Nikalaza simu juu yake, kamera ikachungulia kwenye tundu, nikaweka karatasi sakafuni chini yake. Karatasi ya A4 ikaenea kwenye kioo kana kwamba imepimwa! Nikakaa kwenye mkeka, nikapitisha mkono kati ya miguu ya stuli, nikachora. Hakuna kutikisika, kwa sababu stuli haijagusana na mkono wangu. Kivuli kilinisumbua siku ya kwanza, nikasogea karibu na dirisha upande wa mkono wa kushoto, kikaisha. Stuli kama hiyo sokoni wakati ule haikuzidi shilingi elfu nane au tisa.

Sauti nilirekodi peke yake, saa kumi na moja alfajiri kabla jogoo wa jirani hajaanza, godoro likiwa limesimamishwa ukutani nyuma ya simu na mimi nimejifunika kitenge. Chumba kitupu kinarudisha mwangwi, na mwangwi unachosha masikio haraka kuliko picha mbaya inavyochosha macho. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Muziki sikuweka tena.

Kalamu zangu mbili zilikuwa nyekundu na ya bluu, kama vitabu vyote vinavyofanya. Nikawajaribia wanafunzi watano kabla ya kusambaza (jaribu kwa wachache kwanza, tafadhali, usiniige mimi wa mwanzo), nikauliza damu inayorudi kwenye moyo ina rangi gani. Watatu wakasema bluu. Damu isiyo na oksijeni nyingi ni nyekundu iliyoiva, haina ubluu wowote, na mchoro wangu ndio uliokuwa unawadanganya. Nikajaribu nyekundu mbili, ya kung'aa na ya giza, lakini kwenye simu ndogo zenye kioo hafifu hazikutofautiana. Mwishowe nikatumia mshale wa mstari mzima kwa damu yenye oksijeni nyingi na mshale wa vidoti kwa ile nyingine. Na karatasi ikitolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, vidoti bado vinaonekana. Hilo lilikuja kunifaa sana, nitalieleza.

Kushoto na kulia ndiko walikokwama zaidi. Kwenye mchoro, upande wa kushoto wa moyo uko mkono wa kulia wa anayetazama, na ukilisema hilo kwa mdomo linapita tu. Nilichora moyo kwenye manila, nikambandika mwanafunzi mmoja kifuani, nikampiga video kuanzia shingoni hadi kiunoni, sura isionekane. Nikamwambia anyooshe mkono wa kushoto. Mkono ukainuka upande wa kulia wa kioo, ubavuni mwa ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo upande huo. Kisha mkono wangu ukaibandua ile manila, na picha inayofuata ni manila ile ile iko sakafuni chini ya stuli. Sekunde ishirini na tano! Tangu hapo nikiuliza kushoto darasani, wanafunzi huweka mkono kifuani kwanza kabla ya kujibu. Ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene karibu mara tatu ya ule wa kulia kwa sababu unasukuma damu mwili mzima, na mtoto aliyechanganya pande hawezi kabisa kulielewa hilo.

Mwalimu mmoja mzee, ninayemheshimu sana, aliniambia nisitumie Kiswahili hata kidogo kwa sababu mtihani unakuja kwa Kiingereza. Sikukubali. Watoto hawa wamesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili. Ukiwapa jambo jipya ndani ya lugha mpya, umewabebesha magunia mawili kwa mpigo. Kipande cha kwanza cha video mpya nikakifanya cha maneno tu, sita, kila neno la Kiingereza likitamkwa mara mbili na maana yake kuelezwa kwa Kiswahili, mkono ukionyesha sehemu yenyewe. Vipande vilivyofuata nikaongea Kiingereza chepesi, na neno gumu nikaliandika pale pale kwenye mchoro wakati ninalitaja. Mayer mwenyewe anasema anayesikiliza lugha isiyo yake anaweza kusaidiwa na maneno yaliyoandikwa. Ni maneno machache, lakini, hazikuwa tena notisi nzima.

Dakika 27 zikawa vipande vinne, hakuna kinachozidi dakika nne. Philip Guo na wenzake walichunguza mwaka 2014 mamilioni ya mara ambazo watu walitazama video za masomo ya edX, mtandao wa kozi za vyuo, wakaona video zisizozidi dakika sita ndizo zinazowashika watazamaji. Kutazama si kuelewa, najua, kwa hiyo mwisho wa kila kipande nasema: funga simu, chora ulichokiona, halafu fungua ulinganishe. Wazazi wawili waliniuliza kwa nini nawaambia watoto wafunge simu wakati bando limeshalipwa. Nikawaeleza kwamba pale anapochora bila kuangalia ndipo anapojifunza.

Kusambaza kulinipa taabu yake. Kwenye kundi la WhatsApp video zilizama chini ya shikamoo madam na maombi ya kutumiwa tena. Nikafungua makundi mawili, moja natuma mimi peke yangu, jingine la maswali, na kila faili nikalipa namba na jina: 01 Maneno, 02 Upande wa kulia, hivyo hivyo. Kwenye chumba cha kompyuta, ambako intaneti hakuna, tuliziweka kwenye Kolibri, programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti.

Lakini nyumba nyingi huku zina kitochi tu. Kitochi kinapiga sauti kutoka kwenye memori kadi, kwa hiyo nilitoa sauti peke yake na kutoa fotokopi ya mchoro, karatasi moja kwa kila mtoto, shilingi mia au mia na hamsini. Sauti ikabidi niirekodi upya, kwa sababu niligundua nilikuwa nasema "hapa" na "hii" kwa kutegemea mkono. Sasa inasema: weka kidole kwenye mshale wa vidoti unaoingia kutoka juu, shuka nao, vuka vali, simama. Watoto wakafuata kwa kidole. Nilipofika nyumbani kwa mmoja wao jioni, nilimkuta mama yake, anayeuza maandazi asubuhi, kidole chake kiko kwenye mapafu na kitochi kiko juu ya ndoo. Akaniambia, "Ngoja kwanza mwalimu, nisipotee."

Darasa la 2022 nililipa swali lile lile, na zaidi ya nusu waliipanga njia yote, wengi wakichora vidoti na mistari bila kuambiwa.

Sasa niko kwenye figo. Nefroni, kile kichujio kidogo sana ndani ya figo, inanishinda kidogo, ile mirija imejikunja mno kwa karatasi moja, na jana nimefuta dakika mbili nilizozipenda kuhusu mashine za kusafisha damu. Kesho alfajiri najaribu kuinyoosha kwa kamba ya katani, chini ya stuli ile ile.