Kipandauso hupimwa unyayoni

Panya hawezi kusema kichwa kinamgonga upande mmoja, kwa hiyo majaribio mengi ya dawa za kipandauso hupima unyayo. Panya mdogo huchomwa tumboni nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa inayochokoza kipandauso, 10 mg kwa kilo, kisha unyayo wa nyuma huguswa na nyuzi za nailoni za von Frey, kila uzi ukipinda kwa nguvu yake iliyopimwa kwa gramu, mpaka auvute mguu. Aliyekuwa akivumilia gramu 1 akiruka kwa gramu 0.1, hicho ndicho "kipandauso" chake.

Nyuzi hizo zina kasoro inayotuhusu watu wa pwani. Nailoni hunyonya unyevu na kulegea, na hewa ya Tanga wakati wa masika mnaijua. Kabla ya kazi, bonyeza uzi juu ya mizani mpaka upinde. Wa gramu 0.4 ukisoma 0.3, matokeo yameshaharibika na panya hajaguswa bado.

Halafu ratiba. Nitrogliserini ikitolewa mara moja, sumatriptani 0.6 mg kwa kilo huzuia maumivu vizuri. Ikitolewa siku ya 1, 3, 5, 7 na 9, unyayo hubaki mwepesi kuuma hata kabla ya sindano inayofuata; hapo sumatriptani haifui dafu, inayofaa ni topiramati ya kila siku. Basi ukisoma kwamba moja imeishinda nyingine, uliza ni siku ya ngapi. Sumatriptani hutuliza shambulio, topiramati ni kinga. Utashindanishaje kasia na nanga?

Dozi nayo ina mambo. Ya panya mdogo hugawanywa kwa 12.3 kupata ya binadamu, hivyo ile 10 mg ni kama 0.8 mg kwa kilo. Watu wanaojitolea kuchokozwa kipandauso hupewa mikrogramu 0.5 kwa kilo kila dakika, kwa dakika 20: jumla mikrogramu 10 kwa kilo. Panya kapata mara 80.

Vipokezi ndivyo vinavyodanganya zaidi. Olsegepanti, dawa inayoziba kipokezi cha CGRP (kemikali ya neva inayochangia kipandauso), hushika kipokezi cha binadamu zaidi ya mara 100 kuliko cha panya, kisa asidi amino moja tu, ya 74 katika RAMP1, protini iliyo sehemu ya kipokezi hicho: sisi tuna triptofani, panya ana lisini. Ukimpa panya dozi ndogo ukaona haifanyi kazi, hujaonyesha udhaifu wa dawa.

Jaribio ninaloliamini kuliko hayo halipimi unyayo. Chumvi ya potasiamu huwekwa juu ya ubongo wa panya mkubwa, kisha mawimbi ya umeme yanayosambaa, yanayohusishwa na kipandauso, huhesabiwa. Propranololi na amitriptilini, dawa za kinga ambazo maduka ya dawa ya Ngamiani, Tanga, wanazijua, hupunguza mawimbi hayo zikitolewa kila siku kwa wiki kadhaa. Dozi moja haipunguzi kitu. Kwa hiyo mgonjwa anayeacha vidonge siku ya nne kwa kuwa "havijasaidia" hajaipima dawa bado. Ila mwenye pumu asipewe propranololi.