Duduk ya mzee Gasparyan
Jana usiku umeme ulikatika, nikaweka spika za masikioni na kumsikiliza Djivan Gasparyan mpaka simu ikaisha chaji. Mzee huyu wa Armenia alizaliwa 1928 kijijini Solak, akafariki 2021. Duduk yake ni kama zumari fupi, ya mti wa aprikoti, yenye tete pana mdomoni. Lakini kinachonimaliza mimi ni yule mpigaji wa pili wa duduk anayemsindikiza: kazi yake kushikilia sauti moja tu bila kukata, anavuta hewa puani huku mashavu yakisukuma iliyobaki. Jaribu uone! Wengi mmemsikia Gasparyan bila kumjua, kwenye muziki wa filamu ya Gladiator ya 2000. Mimi nampenda zaidi akiwa hana okestra nyuma yake.