Nilivyohamisha Tangi Langu la Matumbawe Wakati Sebule Ikibanduliwa

Fundi aliponieleza kwamba vigae vyote vya sebule lazima vibanduliwe, makochi na kabati havikunipa wasiwasi wowote. Niliwaza tangi langu la maji ya chumvi la lita 200, lenye matumbawe niliyoyalea kwa miaka minne hapa Kisasa, Dodoma, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, ambako ningeweza kukimbilia msaada.

Ushauri ulikuja kwa wingi, na mwingi ulikuwa wa kuangamiza. Jirani ninayemheshimu sana aliniambia, "Mwanangu, hayo mawe yasugue kwa sabuni, uyaanike, kazi ikiisha uyarudishe." Mwingine alinishauri niongeze maji ya bomba na chumvi ya mezani. Maneno hayo yananiudhi mpaka leo, kwa sababu mawe ndiyo roho ya tangi: ndani ya vitundu vyake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia itokanayo na kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Ukiyakausha, umewaua. Chumvi ya mezani nayo haina kalsiamu wala magnesiamu ya kuyatosha matumbawe. Mimi nilitumia chumvi ya akwariamu, gramu 35 hivi kwa kila lita ya maji yaliyochujwa, nikaiacha izunguke na pampu usiku kucha.

Niliandaa mabeseni mawili makubwa ya plastiki katika chumba cha wageni, nikayajaza kwanza maji ya tangi lenyewe kabla hayajachafuka. Matumbawe yalitangulia, mawe yakafuata, samaki wakawa wa mwisho, maana huwezi kumkamata samaki angali na pango la kujifichia.

Mchanga ndio uliokaribia kuniangusha. Niliuonea huruma, nikauchota wote na kuumwaga katika beseni la pili nikiamini kwamba nao una bakteria wa kuokolewa. Tabaka la chini lilikuwa jeusi, na nilipoligusa lilitoa harufu ya yai viza; maji yakageuka kama ya kuoshea mchele. Kufikia jioni tumbawe langu gumu la pekee lilikuwa limejikunja kabisa, ngozi yake imenywea hadi mifupa myeupe inaonekana kingoni, na kamba msafishaji alikuwa amelala ubavu. Kipimo cha amonia, ambacho kwa kawaida hubaki cha manjano, kilikuwa kijani. Nilihamishia kila kilicho hai katika beseni la kwanza usiku uleule, nikabadilisha nusu ya maji, na asubuhi nikarudia. Kamba alikufa. Mchanga wa zamani nauona sasa kama taka, na atakayehamisha tangi la miaka mingi anunue mpya tu.

Wiki ya pili fundi umeme alizima swichi kuu ili abadilishe nyaya, giza likaingia kabla hajamaliza. Ilikuwa Julai, na usiku wa Julai hapa Dodoma si wa kuchezea. Hita ilikuwa imekufa, pampu zimenyamaza, na kipimajoto kilikuwa kimeshuka kutoka nyuzi 26 hadi 23. Nilichemsha maji kwenye jiko la gesi, nikayatia katika madumu ya lita tano, nikayafunga barabara na kuyaelekeza yaelee katika beseni, mawili kwa wakati mmoja ili joto lisipande ghafla, kisha nikalizungushia beseni mablanketi pande zote. Kila baada ya nusu saa nilichota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, kama mtu anayepoza chai, ili yapate hewa. Hadi alfajiri kipimajoto hakikushuka chini ya 23, na samaki wangu wawili wa rangi ya chungwa walikuwa wakiogelea vizuri.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni ukavu wa hewa yetu. Beseni lililo wazi hupoteza maji upesi, lakini chumvi haipai nayo, hivyo nilibandika utepe kwenye usawa wa maji na kila asubuhi nikaujazia kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Mlangoni nilitundika shuka lililoloweshwa ili linase vumbi la grainda.

Yote pamoja yalinigharimu laki mbili na kitu, sehemu kubwa ikiwa ni chumvi na mchanga mpya. Siku ya 22 tangi lilirudi mahali pake, nami nikawasha taa kwa saa nne tu kwa siku. Tumbawe gumu lilibaki limejikunja kwa siku nane zaidi. Asubuhi ya tisa, wakati fundi anamalizia kingo za mlango, nilikuta vidole vya kijani vya tumbawe hilo vimetoka vyote na vinapepea na mkondo wa pampu, nikamwita fundi aje kutazama.