Nilivyopata maua ya Brugmansia ikiwa bado fupi

Brugmansia yangu, ule mmea wa bustani wenye maua makubwa kama tarumbeta, imechanua kabla haijanifika kiunoni, na nina haki ya kujivuna, maana nilivumilia ushauri mbovu kwanza. Kila niliyemuuliza aliniambia: ikigoma kuchanua, ikate karibu na ardhi, itie mbolea. Niliikata. Ikachipua kwa nguvu, majani mapana ya kupendeza, ua hata moja hakuna.

Ushauri huo unaudhi kwa sababu unafuta kazi ambayo mmea umeshaifanya. Brugmansia huanza na shina moja lililonyooka, lisilo na habari ya maua. Likikomaa hugawanyika, na kuanzia kwenye panda hiyo kwenda juu ndiko maua hutokea. Ukikata chini ya panda unaurudisha utotoni.

Kwa hiyo, ukitaka mmea mpya, chomeka udongoni tawi la juu ya panda. Lakini tawi likishakatwa, utajuaje limetoka wapi? Tazama jani linapokutana na kikonyo. Kwenye majani ya chini ya panda, pande mbili za jani huishia sawasawa. Kwenye ya juu, upande mmoja huishia mapema na wa pili huteremka zaidi, jani zima likaonekana limekwenda upogo. Nilipolijua hilo nikawa nageuza jani moja baada ya jingine, siamini jinsi lilivyo wazi. Tawi langu lilikuwa la upogo mtupu. Kuota mizizi halikusumbua. Kiu ndiyo kubwa, mchana wa jua majani hulegea yote.

Kuna aliyenihakikishia kwamba mnanaha, mmea wa jamaa yake, ndio wenye sumu, Brugmansia ni pambo tu. Si kweli! Maua ya mnanaha husimama na haya huning'inia, lakini sumu ni zile zile, skopolamini na atropini, kuanzia mizizi hadi mbegu. Anayekunywa maji ya maua yake anaweza kuweweseka, hata kufa. Mimi hukata nimevaa glavu, kwani utomvu ukigusa jicho mboni hupanuka na kuona kukawa ukungu.

Sitaki ung'olewe kwa hofu, hata hivyo. Asili yake ni Amerika Kusini, na huko porini umehesabiwa kuwa umetoweka. Unaishi kwa mikono ya wanaoupanda. Anayetaka tawi nitampa, la juu ya panda, mradi nyumbani kwake hakuna mtoto anayetia kila kitu mdomoni.